Kupima Gharama ya Kujitoa: Uingereza na Umoja wa Ulaya

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliamua, kwa asilimia 51.9 dhidi ya asilimia 48.1, kwamba nchi yao ijitoe katika Umoja wa Ulaya, jumuiya ya kisiasa na kibiashara ambayo ilijiunga nayo Januari 1973. Ubishi kuhusu athari za kiuchumi za uamuzi huo ulianza kabla ya kura kupigwa, ukaendelea katika miaka yote ya majadiliano yaliyofuata, na ungalipo, ingawa wanaobishana sasa wana takwimu ambazo wenzao wa mwaka 2016 hawakuwa nazo. Wingi wa takwimu haujaleta makubaliano kwa sababu hasara au faida ya kujitoa haiwezi kusomwa moja kwa moja katika hesabu za taifa. Hupatikana kwa kulinganisha Uingereza iliyopo na Uingereza ambayo ingekuwapo kama kura ingeamua vinginevyo, na hiyo ya pili hakuna aliyeiona. Mhadhara huu unashikilia kwamba ulinganisho huo unawezekana, kwamba umefanywa kwa njia zaidi ya moja na majibu yake yote makubwa yanaelekea upande wa hasara, na kwamba kinachowazuia wengi kuyakubali ni kosa lililofanywa na serikali yenyewe ya Uingereza wiki chache kabla ya kura, pale ilipotabiri balaa la ghafla ilhali hoja yake yenye nguvu ilikuwa juu ya upungufu wa polepole.

Kabla ya kuingia katika ubishi wenyewe, ni lazima kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Umoja wa forodha ni mapatano ambayo kwayo nchi wanachama hazitozani ushuru wa bidhaa, na zote hutoza ushuru ulio sawa kwa bidhaa zinazotoka nje, utaratibu ambao wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wameufahamu tangu umoja wa forodha wa jumuiya yao uanze kutumika mwaka 2005. Soko la pamoja huenda mbali zaidi, kwa kuwa linaondoa pia tofauti za sheria zinazoifanya bidhaa iliyokubaliwa katika nchi moja ikataliwe katika nchi ya pili, yaani tofauti za viwango vya usalama wa chakula, vipimo vya dawa, leseni za mabenki na vyeti vya kitaaluma. Soko la aina hiyo lilianza kazi rasmi barani Ulaya tarehe 1 Januari 1993, na serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa miongoni mwa waliolisukuma kwa nguvu zaidi. Kamishna aliyeandaa mpango wake, Lord Cockfield, alikuwa Mwingereza aliyeteuliwa na Thatcher mwenyewe. Kwa kuwa ushuru kati ya nchi tajiri ulikwisha kushuka sana kwa wastani, sehemu kubwa ya manufaa ya uanachama ilitoka katika soko la pamoja, na anayejitetea kwa kusema kwamba Uingereza imebaki na biashara isiyo na ushuru anaizungumzia sehemu iliyo ndogo zaidi.

Mwaka 2016 madai matatu ndiyo yaliyotawala majukwaa. La kwanza liliandikwa ubavuni mwa basi jekundu la kampeni ya kujitoa: kwamba Uingereza ilikuwa ikipeleka Ulaya paundi milioni 350 kila wiki. Mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo, Sir Andrew Dilnot, alisema hadharani kwamba takwimu hiyo inapotosha, kwa sababu haikutoa punguzo la mchango ambalo Thatcher alilipigania na kulipata mwaka 1984, fedha ambazo hazikutoka Uingereza kamwe. Na ukiondoa pia kilichorudi kwa wakulima, kwa mikoa maskini na kwa watafiti, kinachobaki hakifiki nusu ya kiasi kilichotajwa. Lakini upungufu wa dai hilo ulikuwa wa ndani zaidi kuliko hesabu ya kutoa. Mchango halisi wa Uingereza, baada ya makato yote, ulikuwa chini ya nusu asilimia ya pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, na hiyo ina maana kwamba badiliko dogo tu la pato hilo, kupanda au kushuka, lingezidi akiba yote ya mchango. Basi lile liliwaelekeza watu kutazama ada ya uanachama, na swali zito la uchumi likabaki kando.

Dai la pili lilitoka kwa Patrick Minford, profesa wa uchumi wa Cardiff, ambaye pamoja na wenzake alikadiria kwamba Uingereza ingeongeza pato lake kwa takriban asilimia 4 kama ingeondoa ushuru wote kwa bidhaa za dunia nzima bila kungoja nchi nyingine zifanye hivyo. Hoja hiyo haikuwa ya mzaha, kwani ushuru wa forodha kweli humwumiza mlaji wa nchi inayoutoza. Lakini modeli iliyotumika, yaani kielelezo cha kihesabu cha namna uchumi unavyofanya kazi, ilichukulia kwamba bidhaa za aina moja ni zile zile popote zinapotengenezwa na kwamba mnunuzi hufuata bei tu. Uchunguzi wa biashara halisi unaonyesha kinyume. Tangu Mholanzi Jan Tinbergen aandike juu ya jambo hili mwaka 1962, wachumi wamekuta tena na tena kwamba nchi hufanya biashara zaidi na majirani wakubwa, na kwamba biashara hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, hata pale gharama za usafiri zinaposhuka. Uingereza ipo kilomita zipatazo 33 tu kutoka pwani ya Ufaransa, na mapatano na Australia hayawezi kuisogeza.

Dai la tatu lilikuwa la Wizara ya Fedha, na hapa ndipo mkanganyiko wote ulipoanzia, kwa sababu wizara hiyo, chini ya waziri George Osborne, ilitoa nyaraka mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya Aprili 2016 iliangalia miaka 15 mbele na kukadiria kwamba, kama Uingereza ingejitoa na kupata mapatano ya kibiashara ya kawaida, pato la taifa lingekuwa pungufu kwa asilimia 6.2 kuliko ambavyo lingekuwa kwa kubaki, sawa na paundi 4,300 kwa kila kaya kwa mwaka. Ya Mei iliangalia miaka miwili tu na kutabiri kwamba kura ya kujitoa, peke yake, ingeleta mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho pato hushuka robo mwaka baada ya robo mwaka, na kwamba watu wapatao 500,000 wangeongezeka katika kundi la wasio na kazi.

Mdororo huo haukuja. Paundi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 8 dhidi ya dola katika siku moja, Benki Kuu ya Uingereza ikapunguza riba hadi asilimia 0.25 mwezi Agosti, lakini kaya ziliendelea kununua, waajiri wakaendelea kuajiri, na kufikia mwaka 2019 kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa cha chini kuliko wakati wowote tangu katikati ya miaka ya 1970. Mwezi Januari 2017 mchumi mkuu wa Benki Kuu, Andrew Haldane, alikiri hadharani kwamba taaluma ya utabiri wa uchumi ilikuwa katika matatizo. Tangu hapo, kila onyo kuhusu kujitoa limejibiwa kwa kukumbushwa mwaka 2016: walisema tutaanguka, hatukuanguka, basi na haya pia ni vitisho.

Jibu hilo lina mvuto, nalo si sahihi. Utabiri wa Mei ulihusu hofu, yaani namna watu na makampuni yangepokea habari. Utabiri wa Aprili ulihusu sheria, yaani namna biashara ingeendeshwa baada ya soko la pamoja kufungwa. Mwezi Julai 2016 hakuna sheria hata moja iliyokuwa imebadilika. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na hata baada ya hapo kanuni zote za biashara zilibaki vilevile hadi usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kwa hiyo aliyetaka kuupima utabiri wa Aprili kwa takwimu za mwaka 2017 alikuwa akipima matokeo ya jambo ambalo halijatokea. Lawama kubwa inamwangukia aliyechanganya aina hizi mbili za utabiri kwa ajili ya kushinda kampeni, kwa sababu ukweli uliohitaji subira uliuzwa kwa bei ya hofu ya wiki chache, na wananchi walipogundua kwamba hofu ile haikuwa na msingi, waliutupa na ukweli pamoja nayo. Huo ni upotevu mkubwa katika nchi inayojitawala kwa kura, na hadi sasa haujarekebishwa.

Isitoshe, hata katika miaka hiyo ya utulivu kulikuwa na gharama iliyopita kimya madukani. Paundi iliposhuka, bidhaa za nje zilipanda bei, na watafiti waliolinganisha bidhaa zinazotegemea malighafi za nje na zile zisizotegemea walikadiria kwamba, kufikia Juni 2018, kura yenyewe ilikuwa imepandisha bei za walaji kwa asilimia 2.9, sawa na paundi 870 kwa kaya ya wastani kwa mwaka. Uwekezaji wa makampuni, ambao ulikuwa ukipanda vizuri hadi mwaka 2016, ulisimama, kwa kuwa mwenye kiwanda asiyejua masharti ya kuuza bidhaa zake miaka mitano ijayo huahirisha kununua mitambo. Jambo la uwekezaji ni muhimu sana katika ubishi huu, kwa sababu lilianza kuonekana miaka mitatu na zaidi kabla ya janga la UVIKO-19, na haliwezi kusukumiwa huko.

Swali la namna ya kuiona nchi isiyokuwapo lilijibiwa kwa mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Mwaka 2003 Alberto Abadie na Javier Gardeazabal walitaka kujua mapigano ya muda mrefu yaliigharimu nini nchi ya Wabasque huko Uhispania. Wakachukua mikoa mingine ya Uhispania na kuichanganya kwa uzito tofauti, hadi wakapata mchanganyiko uliofanana na nchi ya Wabasque kabla ya mapigano, kisha wakautazama mchanganyiko huo ulikwenda wapi baadaye. Mbinu hiyo ilipotumika kwa Uingereza, kundi la nchi tajiri zilizokuwa zikienda sambamba nayo kabla ya Juni 2016 liliwekwa kuwa pacha wake. Benjamin Born na wenzake walikuta kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2018, kabla Uingereza haijatoka, pato lake lilikuwa nyuma ya pacha huyo kwa asilimia 1.7 hadi 2.5. John Springford wa kituo cha utafiti cha Centre for European Reform alikuta pengo la asilimia 5.5 kufikia katikati ya mwaka 2022. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliotolewa mwaka 2025 na kutumia pia majibu ya makampuni yenyewe, ulifikia asilimia 6 hadi 8. Nayo ofisi huru inayoandaa makadirio ya bajeti ya serikali, kwa njia nyingine ya kukusanya tafiti za kibiashara, imeshikilia tangu mwaka 2020 kwamba hatimaye tija, yaani kiasi kinachozalishwa kwa kila saa ya kazi, itakuwa pungufu kwa asilimia 4.

Wapinzani wa makadirio haya wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba katika pacha wa Springford Marekani ina uzito mkubwa, na Marekani imekua kwa sababu zake, zikiwemo nishati yake ya nyumbani na matumizi makubwa ya serikali. Ukiiondoa, pengo hupungua. Hoja hiyo ni ya haki, na inatosha kumfanya mtu mwangalifu aepuke kushikilia tarakimu moja kana kwamba imepimwa kwa mizani. Wanasema pia kwamba tangu 2016 Uingereza haijaachwa mbali na Ujerumani, iliyobaki ndani ya Umoja. Hii ni dhaifu zaidi, kwa kuwa Ujerumani iliumizwa na kukatika kwa gesi ya Urusi baada ya uvamizi wa Ukraine mwaka 2022 pamoja na ushindani wa viwanda vya China, na mkulima aliyepunguza mbolea hawezi kujitetea kwa kuonyesha shamba la jirani lililoliwa na viwavijeshi. Kilichothibitika, kwa hukumu ya mhadhara huu, ni mwelekeo na kiwango cha jumla: hasara ipo, ni ya asilimia kadhaa, nayo ilijengeka taratibu.

Namna hasara hiyo inavyojengeka huonekana vizuri zaidi penye bidhaa inayooza. Kabla ya mwaka 2021, kambakochi na samaki wa Scotland walipakiwa kwenye lori na kufika katika soko la Boulogne-sur-Mer, kaskazini mwa Ufaransa, bila ukaguzi wa mpakani, kama vile wametoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Mapatano yaliyokamilishwa tarehe 24 Desemba 2020 yaliondoa ushuru wote na viwango vyote vya ukomo wa bidhaa, lakini kuanzia tarehe 1 Januari kila shehena ya samaki ilihitaji tamko la forodha, cheti cha uvuvi na cheti cha afya, tena ilipaswa kutolewa taarifa mapema na kupitia kituo maalumu cha ukaguzi. Haya ndiyo yanayoitwa vikwazo visivyo vya ushuru: hakuna senti inayotozwa kwa jina la kodi, ila muda, saini na hatari ya kosa vyote vina bei. Mfanyabiashara mdogo hajazi lori peke yake. Maboksi yake huchanganywa na ya wenzake, na kosa katika karatasi ya mmoja huwakwamisha wote. Cheti kinahitajika kwa boksi moja kama kinavyohitajika kwa lori zima, na kwa hiyo gharama ile ile inayopotea ndani ya mauzo ya kampuni kubwa inamlia mdogo faida yote. Tarehe 18 Januari 2021 wauzaji wa samaki walipeleka malori yao katikati ya London kulalamika. Wavuna kome na chaza wa maji yasiyo ya daraja la juu walipata pigo zito zaidi, kwa kuwa sheria ya Umoja hairuhusu nchi ya nje kuingiza viumbe hao wakiwa hai kabla ya kusafishwa, sheria ambayo Uingereza ilishiriki kuitunga ilipokuwa ndani.

Kando ya hayo kuna kanuni za uasili wa bidhaa, zinazotaka muuzaji athibitishe kwamba bidhaa yake imetengenezwa kwa kiwango cha kutosha Uingereza au katika nchi za Umoja. Bidhaa iliyotengenezwa Ujerumani, ikahifadhiwa katika ghala la Uingereza na kupelekwa Ireland bila kuguswa, hupoteza haki ya kutotozwa ushuru, jambo lililowashangaza wenye maduka makubwa waliokuwa wakiyahudumia matawi yao ya Dublin kutoka maghala hayo. Watafiti wa London School of Economics walikadiria mwaka 2024 kwamba makampuni 16,400, sawa na asilimia 14 ya yaliyokuwa yakiuza Umoja wa Ulaya, yaliacha kabisa kuuza huko, ilhali makampuni makubwa zaidi hayakupoteza kitu cha kuonekana. Takwimu za jumla za mauzo ya nje huwaficha hao walioacha, kwa sababu walikuwa wadogo. Lakini kampuni ndogo inayoanza kuuza nchi ya jirani ndiyo inayokuwa kubwa baadaye, na hasara ya aina hiyo huja kudaiwa baada ya miaka mingi.

Yapo pia yaliyokwenda vizuri kuliko ilivyotazamiwa, na ni uadilifu kuyataja. Mauzo ya huduma, hasa ushauri wa kibiashara, sheria na hesabu, yameongezeka kwa nguvu, ingawa mabenki yalipoteza haki ya kufanya kazi Ulaya nzima kwa leseni moja, na Januari 2021 Amsterdam iliipita London kwa biashara ya hisa barani humo. Mwaka 2025 Marekani ilipoanza kutoza ushuru mpya kwa dunia nzima, bidhaa nyingi za Uingereza ziliwekewa asilimia 10 na za Umoja hatimaye asilimia 15. Hiyo ilikuwa faida halisi ya kuwa nje. Mapatano mapya na nchi za mbali, kwa upande mwingine, yamezaa kidogo: serikali yenyewe ilikadiria kwamba mapatano na Australia yangeongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 tu kufikia mwaka 2035.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika haya. Mwezi Julai 2016, siku chache tu baada ya kura ya Waingereza, Tanzania ilitangaza kwamba haitatia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ikitaja kuondoka kwa Uingereza miongoni mwa sababu zake, pamoja na hofu ya muda mrefu juu ya hatima ya viwanda vichanga. Kenya ilikuwa katika hali nyingine, kwa sababu si miongoni mwa nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi, na hivyo, tofauti na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, isingepata msamaha wa ushuru wa moja kwa moja baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Maua na mboga zake zingetozwa ushuru London kuanzia siku iliyofuata. Ilitia saini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba, majuma matatu kabla ya muda kwisha, na mkataba huo ukaanza kutumika Machi 2021. Hata hivyo maua mengi ya Naivasha hupitia minada ya Uholanzi kabla ya kufika Uingereza, na njia hiyo, ambayo haikuwa na mpaka wowote wa forodha, sasa inao. Ndiyo maana mwaka 2024 Uingereza ililazimika kusitisha kwa muda ushuru wa asilimia 8 kwa maua ya kukatwa, ili yanayopita Uholanzi yasitozwe.

Mtu aliyepiga kura ya kujitoa kwa sababu anataka sheria za nchi yake zitungwe na bunge lake hajibiwi na tarakimu yoyote kati ya hizi, wala haifai kumdharau kwa kumwonyesha hesabu. Kujitawala ni kitu chenye thamani, na taifa lina haki ya kukilipia. Anachostahili ni kuelezwa bei kwa ukweli, na bei hiyo sasa ndiyo inayojadiliwa upya. Tarehe 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutafuta mkataba wa afya ya mimea, wanyama na chakula, ambao ungeondoa sehemu kubwa ya vyeti na ukaguzi ulioelezwa hapo juu, kwa sharti kwamba Uingereza ifuate sheria za Umoja katika eneo hilo kadiri zinavyobadilika, bila kuwa na kura katika kuzitunga, na kwa kuziruhusu meli za uvuvi za Ulaya kuendelea kuingia katika maji yake hadi mwaka 2038. Serikali ya London ilikadiria kwamba mkataba huo, pamoja na wa kuunganisha masoko ya vibali vya hewa ukaa, ungeongeza karibu paundi bilioni 9 katika uchumi kufikia mwaka 2040. Kiasi hicho ni takriban theluthi moja ya asilimia moja ya pato la taifa, kikilinganishwa na asilimia 4 ambazo ofisi huru ya makadirio ya bajeti ya serikali hiyo hiyo inaziandika upande wa hasara.